Furaha ya Jukwaani

Mji wa Morogoro umeketi chini ya milima ya Uluguru kama mtoto aketivyo miguuni pa mamaye. Alfajiri ukungu hufunika vilele. Jua likipanda, ukungu huinuka polepole, na mtu aliye mjini huyaona mashamba juu ya miteremko kama nguo zilizoanikwa. Kilele kilicho kirefu kuliko vyote chaitwa Kimhandu, nacho kimepita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watu wa milimani, Waluguru, hulima migomba, mahindi, njegere na kabichi, na siku ya soko hushuka kwa vijia vyembamba, mizigo yao vichwani.

Fikirini shule moja katika miteremko hiyo, na siku yenyewe ni siku ya kufunga shule. Wanafunzi wameyaweka madawati pamoja, wakatandika mbao juu yake. Wamefunga kamba baina ya nguzo mbili, wakatundika mashuka mawili yawe pazia. Hilo ndilo jukwaa lao. Mbele yake wazee wamekaa juu ya viti vilivyoazimwa kanisani, na akina mama na watoto wadogo wamekaa majanini. Nyuma ya pazia amesimama mvulana wa darasa la sita. Jina lake si kitu, maana wako wengi kama yeye. Mkononi ana fimbo, kichwani amevaa kofia kuukuu, na magoti yake yanagongana.

Mvulana huyu ataigiza mzee mchoyo aendaye sokoni kuuza mkungu wa ndizi. Maneno ya mchezo amepewa, nayo ameyashika. Lakini mwendo wa mzee hakupewa na mtu. Ameutafuta mwenyewe, akaupata karibu sana: ni mwendo wa mjomba wake. Mjomba huyo goti lake la kushoto halikunjiki sawasawa. Hushuka mlima akiwa amejipinda upande mmoja, na kila atakapotaja bei ya ndizi zake hukohoa kwanza mara mbili. Kwa muda wa mwezi mzima mvulana amemfuata nyuma njiani, akimtazama, na jioni amekwenda peke yake nyuma ya nyumba kujaribu mwendo ule.

Sasa amechungulia katika upenyo wa pazia, na roho imemshuka miguuni. Mjomba amekuja. Ameketi kiti cha mbele. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mtoto wa dada yake. Je, akijiona jukwaani, na kijiji kizima kinacheka, atasema nini?

Tumwache mvulana huyu nyuma ya pazia kwa muda kidogo, maana swali lake si la siku moja wala la shule moja. Yuko mtu gani aliyempa ruhusa kusimama mbele ya watu? Hana cheti cha uigizaji. Hakukaa chuoni. Seremala huwekwa chini ya fundi miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa randa, na mwalimu hupelekwa chuo cha ualimu kabla ya kupewa darasa. Basi mtu asiyefundishwa anapanda jukwaani kwa haki gani, na ile furaha imjazayo akiwa huko juu yatoka wapi?

Jibu moja linaweza kupatikana chini ya milima hiyo hiyo, mjini Morogoro.

Reli iliyoanza Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka wa 1907, na baadaye ikaendelea mpaka Kigoma. Pamoja na reli walikuja watu wa makabila mengi: makuli, makarani, wafanya biashara, na watu wa mashamba ya katani. Kila watu walikuja na ngoma zao. Mtu wa milimani aliyeshuka na ndizi zake aliweza kusikia jioni moja nyimbo za pwani, za Wagogo na za Wanyamwezi. Mji ulikuwa kama chungu kimoja ambamo kila mpishi ametia kiungo chake.

Watu wa zamani hizo walizoea kujifunza kwa macho na masikio. Mfano mmoja ni ngoma ya beni. Ilianza pwani katika miaka ya 1890 na baada yake, watu walipoona bendi za askari na za wamisheni zikipiga tarumbeta na ngoma kubwa. Hawakupelekwa shule ya muziki. Walitazama, wakasikiliza, wakashona nguo mfano wa sare, wakapeana vyeo kama vya jeshi, wakaanza kucheza mbele ya watu kwa hatua zilizopangwa. Katika vita vya mwaka wa 1914 hata 1918, askari na wapagazi waliichukua beni mpaka bara. Mtu aliyebeba mizigo ya wengine mchana kutwa aliweza kuwa jemadari usiku, akitembea kifua mbele, na watu wakimshangilia. Hapo pana siri ya kwanza ya furaha ya jukwaani: mtu huona kwamba ndani yake mlikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akingoja kuitwa.

Kisha ikaja santuri, mashine iimbayo, nayo ikawa mwalimu wa watu wasio na mwalimu. Mwaka wa 1928 mwanamke mmoja wa Unguja alivuka bahari kwenda Bombay, Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu maskini, aliyekuwa akiuza vyungu vya udongo. Hakujua kusoma wala kuandika. Alipohamia mjini alikaa na wapiga muziki waliokwisha kuijua kazi, akashika nyimbo kwa sikio, na sauti aliyoinoa kwa kutembeza vyungu ikawa sauti iliyosikiwa katika pwani yote. Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri, aliona yafaa maisha ya mama huyu yaandikwe kitabu, akayaandika. Siti alifariki mwaka wa 1950.

Mwaka ule ule wa 1928, Siti alipokuwa akiimba Bombay, alizaliwa mjini Morogoro mtoto aliyeitwa Salum Abdallah. Baba yake alikuwa Mwarabu, na mama yake Mluguru. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, yaani tangu mwaka wa 1933, kampuni moja ya Uingereza ilianza kuuza katika Afrika sahani zenye alama ya GV. Nyingi katika hizo zilikuwa nyimbo za kisiwa cha Kuba, kilicho mbali upande wa Marekani. Watu wa Afrika Mashariki walizipenda mno, na haikuwa ajabu. Wazazi wa nyimbo zile wengi walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kuvushwa bahari kubwa. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka wa 1886, lakini ngoma haikukoma. Wapiga muziki wa Kuba walikuwa na kisanduku cha mti chenye vyuma vya kudonolewa kwa vidole, nao walikiita marimbula, jina ambalo mtoto yeyote ajuaye marimba anaweza kulitambua. Basi mtu wa Morogoro aliposikiliza sahani ya Kuba, alisikia kitu kigeni ambacho mwili wake ulikijua. Ilikuwa kama ndugu aliyepotea miaka mingi, amerudi na nguo za ugenini, lakini ukimtazama usoni waona pua ya babu yako.

Yasimuliwa kwamba Salum Abdallah alipokuwa kijana alitoroka kwao kwa shauku ya kuifuata Kuba yenyewe, apande meli aende kuziona ngoma zile kwa macho. Alifika Mombasa, na hapo safari ikaishia. Bahari haikumpa njia. Huenda wengine wangeliona haya, wakaficha nyuso zao, wasitaje tena jambo lile. Yeye alirudi Morogoro, na mwaka wa 1948, akiwa kijana wa miaka ishirini, akaunda bendi. Bendi hiyo ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Kama hakuweza kwenda Kuba, Kuba ingekuja Morogoro.

Yafaa kuitazama kazi iliyokuwa mbele yao. Walikuwa na magita, ngoma, vijiti vya kugonganisha, na sauti zao wenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuwaandikia muziki katika karatasi. Mtu ajifunzaye kwa santuri huweka sahani, husikiliza, huirudisha sindano mwanzo, husikiliza tena, na vidole vyake hutafuta juu ya nyuzi mpaka vipate. Akikosea, hakuna wa kumwambia amekosea ila sikio lake. Waimbaji wengi wa siku hizo waliiga hata maneno ya Kihispania wasiyoyajua maana. Lakini mwigaji wa kweli haishii katika kuiga. Salum Abdallah alitia maneno ya Kiswahili juu ya mwendo wa Kuba, akaimba habari za mapenzi, za mji wake na za watu wake, na watu walipocheza walikuwa wakicheza mambo yao wenyewe. Sahani zake zilitolewa na kampuni ya Mombasa. Mji ule ule uliomkatia safari ndio uliopeleka sauti yake mbali.

Mtu aweza kuuliza, furaha yake ilikuwa nini? Hapana shaka fedha ni furaha, na sifa ni furaha. Lakini kila aliyesimama jukwaani ajua kwamba iko furaha nyingine itanguliayo hizo. Mpigaji hupiga, na watu walio chini wamesimama kimya, hawajui kama watapenda au hawatapenda. Mara mtu mmoja huanza kutikisa kichwa. Mwingine hupiga kofi. Kisha uwanja mzima huinuka. Hapo mpigaji hujua kwamba kile alichokisikia peke yake usiku, sikio karibu na santuri, sasa kimesikiwa na wote. Upweke wake umekwisha. Kile alichopewa na watu kwa sikio, amewarudishia kwa mkono, nao wamekipokea. Wahenga walisema: Mcheza kwao hutuzwa. Watu wengi wadhani tuzo hiyo ni senti zinazobandikwa katika paji la uso. Senti zamo, lakini tuzo iliyo kubwa ni kutambuliwa na watu wako.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka wa 1965, hajatimiza miaka arobaini. Bendi yake haikufa siku hiyo. Juma Kilaza, mwimbaji mwenziwe, aliishika, na watu wa Morogoro wakaendelea kucheza.

Mjini humo humo palikuwa na bendi nyingine, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1944. Bendi hizi mbili zilishindana, na mji uligawanyika: hawa wapenzi wa bendi hii, wale wapenzi wa ile. Mashindano ya namna hiyo ni shule nzuri. Asiye na mwalimu wa kumsahihisha husahihishwa na mshindani wake, maana akizembea wiki hii, wiki ijayo ukumbi wake ni mtupu.

Katika mwaka ule ule wa 1944 alizaliwa Mbaraka Mwinshehe. Katika miaka ya kati ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na muda si mrefu gita lake likawa linajulikana kabla yeye mwenyewe hajaonekana mlangoni. Watu walisema wanaweza kulitambua katika sauti ya kwanza, kama mtu atambuavyo kikohozi cha jirani yake gizani. Mwaka wa 1970 yalifanyika maonyesho makubwa ya mataifa katika mji wa Osaka, nchi ya Japani, na Morogoro Jazz ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania. Mwaka wa 1973 Mbaraka aliunda bendi yake, Super Volcano. Mwezi wa Januari, mwaka wa 1979, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Siku hizi kiko chuo cha sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa na serikali mwaka wa 1981, nacho hufundisha ngoma, maigizo na muziki. Ni jambo jema, na kijana apataye nafasi ya kwenda huko asiidharau. Lakini chuo hicho kilipofungua mlango, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe walikuwa wamekwisha kulala makaburini, na nyimbo zao zilikuwa zimekwisha kujulikana na watu wengi wasioijua hata sura yao. Furaha yao haikungoja chuo.

Lakini hapa inapasa kusema neno, wanafunzi wasije wakadanganyika. Kutofundishwa si kutojifunza. Wako watu wanaopanda jukwaani bila maandalizi, wakisema, “Mimi nina kipawa, sihitaji kujisumbua,” na watu huwacheka, si kwa sababu mchezo unachekesha, bali kwa sababu mchezaji ni mvivu. Mtu aliyeingia darasani akisinzia, mwalimu humwamsha. Mtu asiye na mwalimu akisinzia, nani atamwamsha? Kwa hiyo asiyefundishwa ana kazi mara mbili: ni mwanafunzi, na tena ni mwalimu wake mwenyewe. Lazima ajitume, ajisikilize, na ajikemee. Siti alisikiliza. Salum alisikiliza. Mbaraka aliketi na gita lake. Furaha ya jukwaani ni ya dakika chache, na nyuma yake pana masiku mengi ambayo hakuna apigaye makofi.

Tena wazee wanaoionea shaka kazi ya jukwaani wasidharauliwe. Wamewaona vijana waliokwenda kwenye ngoma wakasahau jembe, na wengine waliopenda sifa kuliko watu wanaowasifu. Hofu yao haikutoka hewani. Jukwaa humwinua mtu juu ya wenzake kwa urefu wa dawati moja, naye aweza kudhani ameinuliwa kwa urefu wa Kimhandu. Dawa yake ni kukumbuka kile alichokipanda nacho. Maneno ni ya watu. Ngoma ni ya watu. Mwendo, sauti, hata kikohozi, vyote ni vya watu. Mchezaji ni mkopaji, na mkopaji mwema hurudisha mkopo kwa heshima.

Katika nyumba za milimani jambo hili lajulikana zamani. Jioni, moto ukiwaka katikati, bibi huanza hadithi ya sungura na fisi. Sauti yake huwa nyembamba akisema sungura, na nzito akisema fisi. Mkono wake huwa mkia, na kope zake huwa mvua. Watoto huitika palipo na wimbo. Hakuna pazia wala mbao, wala mtu hamwiti bibi mwigizaji. Walakini mtoto aliyekaa hapo usiku mia ameona mchezo mara mia, na siku atakapoambiwa apande jukwaani la shule, hapandi mikono mitupu, hata akidhani hana kitu.

Na sasa turudi kwa yule mvulana, maana pazia linavutwa.

Ametoka. Hatua ya kwanza aliikanyaga vibaya, na mbao zikalia. Kichwa chake kilikuwa kitupu kama kibuyu. Neno la kwanza la mchezo limempotea. Akasimama. Watu wakasubiri. Kwa kuwa maneno yamemkimbia, hakubaki na kitu ila mwili, na mwili wake ukafanya kile ulichokifanya mwezi mzima nyuma ya nyumba: goti la kushoto likakazana, bega likajipinda, fimbo ikagonga mbao. Akatembea hatua nne. Kisha akakohoa mara mbili.

Mwanamke mmoja katika majani akapiga ukelele wa kucheka. Halafu watu wote wakacheka, wakubwa kwa wadogo, wakipigana mabegani na kugeuka kukitazama kiti cha mbele. Na kicheko kile kikamrudishia mvulana maneno yake yote. Akaitaja bei ya ndizi. Akaipandisha. Akagombana na mnunuzi, akaukumbatia mkungu wake kama mtoto mchanga, na kila alipokohoa watu walikohoa pamoja naye. Hofu ilikuwa imekwenda wapi? Hakujua. Alijua tu kwamba watu mia walikuwa wakivuta pumzi pamoja naye, na kwamba akinyamaza wananyamaza. Hakuwa mkubwa kuliko wao. Alikuwa mmoja wao, naye alikuwa ameshika mkononi kitu chao wote, wakikitazama pamoja.

Lakini mjomba hakucheka. Alikaa mikono juu ya fimbo yake, akitazama mbele.

Mchezo ulipokwisha mvulana alijificha nyuma ya pazia. Furaha na hofu zilipigana kifuani mwake kama majogoo wawili. Alisikia fimbo ikigonga chini, taratibu, ikija upande wake. Shuka likafunuliwa. Wenzake wakatawanyika.

“Shikamoo, mjomba,” akasema, macho chini.

“Marahaba.” Mzee akanyamaza kitambo. “Yule mzee wa ndizi umemtoa wapi?”

Mvulana hakuweza kusema uongo. “Nilikufuata njiani, mjomba. Nilikuwa nikikutazama. Nisamehe.”

“Siku ngapi?”

“Mwezi mzima.”

Mjomba akatikisa kichwa. Akasogea karibu, akakohoa mara mbili, na aliposikia kikohozi chake mwenyewe uso wake ukaanza kulegea, kwanza pembeni mwa macho, kisha mdomoni.

“Mwezi mzima,” akasema, “na bado umekosa jambo moja. Wewe ulitanguliza mguu. Mtu ateremkaye mlima na mkungu kichwani, fimbo hutangulia, mguu hufuata. Yule mzee wako angalianguka kabla hajafika sokoni, na ndizi zake zingalipondeka. Niliona aibu kwa ajili ya ndizi zile. Lete hiyo fimbo.”

Akaichukua, akaonyesha hatua tatu juu ya majani, goti lake bovu likikazana, kisha akairudisha.

“Haya, mpwa wangu. Tena.”

Mvulana akaishika fimbo, akajipinda bega, akaanza upya kutoka penye nguzo. Safari hii fimbo ikatangulia.